Samadi yangu ina zinki na shaba nyingi: je, bayochari itanisaidia?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Ninafuga nguruwe, na pembeni nina kuku wa nyama. Samadi yote naigeuza mboji na kuiuza. Mnunuzi mmoja aliomba vipimo, nikapeleka samadi maabara. Majibu yanasema kila kilo ya samadi kavu ina miligramu 1,100 za zinki na miligramu 420 za shaba. Nimeambiwa nikichanganya bayochari kwenye lundo metali hizo zinaisha. Ni kweli? Niweke kiasi gani, ya aina gani, na mboji hiyo inafaa kwa mboga?

Jibu: Ahsante kwa swali, na ahsante zaidi kwa kupima kabla ya kuuliza. Wengi huniuliza wakiwa hawana hata namba moja mkononi.

Nianze na neno moja katika swali lako: "zinaisha". Haziishi. Zinki ni elementi. Haiozi, haiungui kwa joto la lundo, haipai kama gesi, na hakuna bakteria anayeweza kuila ikatoweka. Gramu zilizoingia kwenye lundo siku ya kwanza utazikuta siku ya mwisho, isipokuwa zile zilizosombwa na maji yaliyovuja chini, na hizo nazo hazijaisha, zimehamia mtaroni au kisimani. Bayochari, yaani makaa ya mabaki ya mimea yaliyochomwa kwa hewa haba ili yatumike udongoni, inafanya kazi nyingine, tena ya maana: inazishika metali hizo ili mizizi na maji visizibebe kirahisi. Kuondoa na kushika ni mambo mawili tofauti, na fedha zako zinategemea uijue tofauti hiyo.

Tulipigie hesabu lundo lako. Chukua samadi yenye uzito mkavu wa kilo 1,000. Kwa vipimo ulivyoleta, ndani yake mna gramu 1,100 za zinki na gramu 420 za shaba. Samadi ya nguruwe na kuku ikiachwa peke yake haiivi vizuri, maana ina naitrojeni nyingi na imeshikana haipitishi hewa, kwa hiyo utaongeza maranda au mabua makavu, tuseme kilo 400. Sasa una kilo 1,400. Kama maranda ni safi, zinki imeshuka hadi miligramu 786 kwa kilo, na mtu akipima siku hiyo atafurahi. Asifurahi bado. Lundo likichemka miezi miwili au mitatu, vijidudu hula sehemu kubwa ya kaboni na kuitoa hewani kama kabonidioksidi. Tukisema asilimia 40 ya uzito mkavu imeondoka kwa njia hiyo, unabaki na kilo 840, na zile gramu 1,100 za zinki zimo zote. Hiyo ni miligramu 1,310 kwa kilo. Shaba imefika 500. Umetengeneza mboji nzuri, lakini kilo yake moja ina metali nyingi kuliko kilo ya samadi uliyoanza nayo.

Sasa rudia hesabu hiyo ukiwa umeongeza bayochari kilo 140. Makaa karibu hayaozi ndani ya lundo, kwa hiyo mwishoni una kilo 840 za mboji na 140 za makaa, jumla 980. Zinki ni 1,122, shaba ni 429. Imeshuka, ndiyo, lakini kilichoishusha ni uzito wa makaa tu. Ungeweka kilo 140 za mchanga ungepata namba hiyohiyo. Ninapoona bayochari ikisifiwa kwa tofauti hii nasikitika, kwa sababu inamfunika mkulima macho asione kazi halisi ya makaa, na pia inampa matumaini ya uongo mbele ya mnunuzi.

Maana mnunuzi wako huenda anafuata kiwango cha metali kwa jumla. Kanuni ya mbolea ya Umoja wa Ulaya ya 2019, kwa mfano, inataka mbolea ya asili iwe na zinki isiyozidi miligramu 800 na shaba isiyozidi 300 kwa kilo kavu. Namba hizo haziulizi kama metali imefungwa au iko huru. Muulize mnunuzi wako anatumia kiwango gani. Kikiwa ni cha namna hiyo, hakuna kipimo cha bayochari kitakachokuvusha. Kitakachokuvusha kipo kwenye hori la nguruwe, na nitakifikia.

Turudi kwenye kushika. Metali ndani ya samadi haikai katika hali moja. Sehemu yake imeyeyuka majini au imejiegesha tu juu ya chembe, tayari kuachia. Sehemu nyingine imeungana na kaboneti, nyingine imeng'ang'ania oksidi za chuma na manganizi, nyingine imefungwa na mabaki ya viumbe, na nyingine imo ndani kabisa ya madini ambamo haitoki kwa urahisi. Mzizi unakunywa kutoka kundi la kwanza. Mvua nayo inasomba kutoka kundi hilohilo. Kwa hiyo tunachotafuta wakati wa kuozesha ni kuhamisha metali kutoka makundi ya mwanzo kwenda ya mwisho, na mboji yenyewe, hata bila makaa, hufanya sehemu ya kazi hiyo kadiri inavyoiva na kujaa humasi, yaani ile mata nyeusi inayobaki mabaki yakishaoza.

Bayochari inaongeza nguvu kwa njia kadhaa zinazokwenda pamoja. Majivu yaliyomo ndani yake yana kaboneti na fosfeti, na pH yake (kipimo cha uchachu, ambacho kikishuka chini ya 7 ndipo kitu ni kichachu) mara nyingi huwa kati ya 8 na 10. Zinki, risasi na kadimi zikikutana na mazingira hayo huganda na kuwa chumvi zisizoyeyuka kirahisi. Uso wa makaa una vikundi vya oksijeni vyenye chaji hasi, na ayoni za metali, ambazo zina chaji chanya, hunaswa hapo. Kisha kuna vitundu. Kipande kidogo cha makaa kina uso mkubwa ajabu ukihesabu kuta za vitundu vyake vyote. Kikikaa lundoni, vitundu vya nje huingiwa na uji wa kahawia wa humasi, na oksijeni huuchubua uso wake taratibu, hivyo vikundi vya kunasa metali huongezeka. Ukikivunja kipande cha namna hiyo kwa kucha utaona kiini bado kinang'aa cheusi kikavu, na pembezoni pamelowa na kubadilika rangi. Ndiyo sababu nasisitiza makaa yaingie mwanzoni mwa kuozesha. Ukiyachanganya na mboji iliyokwisha kuiva yatafanya kazi, lakini umeyanyima miezi yote ya kukomaa pamoja na mboji.

Kwa shaba habari ni njema zaidi kuliko kwa zinki. Shaba inapenda sana humasi. Ikishikwa nayo haiachii ovyo. Zinki ni mtoro. Inategemea pH kuliko kitu kingine chochote, na pH ikishuka inarudi majini. Kwa samadi yako, ambayo zinki ndiyo tatizo kubwa, jambo hili lina uzito, na nitaeleza linamaanisha nini shambani.

Kuna metali ambazo bayochari ya kawaida haizimudu, na moja yake inawahusu wafugaji wa kuku. Aseniki majini haina chaji chanya. Huwa na chaji hasi au haina kabisa, kwa hiyo uso wa makaa wenye chaji hasi hauivuti. Zaidi ya hapo, pH ikipanda na hewa ikipungua ndani ya lundo, aseniki huweza kulegea badala ya kukaza. Kwa miaka mingi dawa zenye aseniki, hasa ile iitwayo roksasoni, zilichanganywa kwenye chakula cha kuku. Marekani iliondolewa sokoni mwaka 2011, na dawa ya mwisho ya kundi hilo ikafuata mwishoni mwa 2015. China ilizikataza mwaka 2019. Soma lebo ya chakula cha kuku wako, na kama matandazo yao ni ya maranda ya mbao zilizotiwa dawa, hiyo ni njia nyingine aseniki inaweza kuingia. Iongeze kwenye orodha ya vipimo angalau mara moja. Ikionekana nyingi, usitegemee makaa matupu. Inahitaji makaa yaliyotiwa chuma, kwa sababu chuma ndicho kinachoishika aseniki. Kromi ina unafuu wake: ile aina yake mbaya, yenye namba ya oksidisho 6, hugeuzwa kuwa aina ya 3 na mabaki ya viumbe yaliyojaa lundoni, na aina ya 3 haitembei sana.

Sasa, makaa gani? Nataka uwe mgumu hapa, kwa sababu bayochari mbaya inaleta metali zake yenyewe. Mwaka mmoja niliitwa kutazama lundo ambalo shaba ilipanda kuliko hesabu ilivyoruhusu. Tulihangaika na vipimo mara mbili tukidhani maabara imekosea. Mwisho nikaomba kuona makaa yalikotoka. Yalikuwa yamechomwa kutokana na nguzo za zamani za uzio, zile zenye rangi ya kijani iliyofifia. Dawa inayotiwa kwenye nguzo kama hizo ina shaba, kromi na aseniki, na moto haukuviondoa. Ulipunguza uzito wa mbao ukaviacha vimekolea. Kanuni ni ileile ya hesabu ya lundo. Kwa sababu hiyohiyo, makaa yaliyotengenezwa kwa samadi ya nguruwe au tope la majitaka yana fosfeti nyingi inayoshika risasi vizuri, lakini kwako hayafai, maana yanakuja na zinki na shaba juu ya zile ulizonazo.

Tafuta makaa ya mbao safi, magunzi, maganda ya mpunga, mabua au vifuu, yaliyochomwa kwenye nyuzi 450 hadi 600 za Selsiasi. Chini ya hapo unapata vikundi vingi vya oksijeni, lakini pia lami zinazobaki ndani. Juu ya hapo unapata vitundu vingi na pH kubwa, lakini vikundi hivyo vinapungua. Huna kipimajoto cha tanuri la mtu, kwa hiyo tumia mikono. Saga kipande kidogo kwenye kiganja kwa vidole, kisha nawa kwa maji matupu. Makaa yaliyoiva vizuri yanatoka kwa maji. Yakibaki kama mafuta mpaka utafute sabuni, yana lami, na lami ya makaa ina kemikali ambazo hutaki kuziona kwenye mboga. Yanuse pia. Yakinuka moshi wa kukera, yarudishe. Makaa ya kupikia yaliyofinyangwa kwa gundi au udongo usiyatumie.

Ukubwa wa vipande uwe mchanganyiko, vingi kati ya milimita 2 na 10. Unga mwembamba unagusana na metali vizuri zaidi, hilo ni kweli, lakini unaziba njia za hewa na unaingia mapafuni mwa anayechanganya. Yaloweshe makaa kabla hata hujayasogeza. Makaa makavu yanapeperusha vumbi, na yaliyotoka tanurini karibuni yanaweza kuwa na kaa moja lililo hai katikati ya gunia. Maranda yako yako pembeni; usijaribu bahati.

Kiasi: anza na sehemu 1 ya makaa kwa sehemu 10 za mchanganyiko, zote kwa uzito mkavu. Kazi nyingi zilizofanyika juu ya jambo hili zimezunguka kati ya asilimia 5 na 10, na hapo ndipo faida inapolingana na gharama. Ukipita asilimia 20 lundo linaanza kudhurika. Makaa si chakula cha vijidudu, na yakiwa mengi mno yanachukua nafasi ya kinachotakiwa kuungua, hewa inapita kupita kiasi, joto linatoka, na lundo linakaa vuguvugu wiki nzima bila kupanda.

Kuna kosa moja ninaloliona mara kwa mara, hata kwa watu waliosomea. Uwiano wa kaboni na naitrojeni unatakiwa uanzie karibu 25 hadi 30 kwa 1. Samadi yako iko chini sana ya hapo, ya kuku zaidi. Mtu anaangalia makaa, anaona ni kaboni tupu, anayahesabu kama kaboni ya lundo na kupunguza maranda. Lundo linanuka amonia siku ya tatu, anashangaa. Kaboni ya makaa imefungwa, vijidudu hawaifikii. Piga hesabu ya uwiano kwa samadi na maranda peke yake, kana kwamba makaa hayapo, kisha ndipo uyaongeze juu.

Amonia yenyewe inastahili maneno mawili, kwa sababu hapa makaa yanasaidia na yanaweza kudhuru. Yananasa amoniamu, hivyo naitrojeni zaidi inabaki kwenye mboji, na kwa kufungua njia za hewa yanapunguza methani. Lakini makaa yenye majivu mengi na pH ya 10 yakikutana na kinyesi kibichi cha kuku, pH inaruka na amonia inakimbia kabla haijanaswa. Ukiwa na makaa ya namna hiyo, yaoshe kwa maji kwanza, au yaache nje yanyeshewe kwa muda. Utapoteza majivu kiasi, ndiyo, na pamoja nayo sehemu ya nguvu ya kugandisha metali. Kwa samadi yenye kuku wengi ningekubali hasara hiyo.

Kuhusu kuendesha lundo sitakaa sana, maana naona unauza mboji tayari. Unyevu uwe asilimia 50 hadi 60: ukikamua konzi ya mchanganyiko, vitone vichungulie kati ya vidole bila kutiririka. Makaa yanakunywa maji, kwa hiyo utahitaji kidogo zaidi ya ulivyozoea. Joto livuke nyuzi 55. Sheria ya Marekani kuhusu tope la majitaka, inayotumika na wengi kama kipimo cha kuua vimelea, inataka lundo refu la kugeuzwa likae nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15 na kugeuzwa si chini ya mara 5 katika muda huo. Ukiona limepita 65, ligeuze. Na zaidi ya yote, liweke kwenye sakafu ngumu na chini ya paa. Maji meusi yanayotoka chini ya lundo katika wiki za mwanzo yamebeba zinki iliyo huru kabisa, ile ambayo bado haijashikwa. Yakinge, uyarudishe juu ya lundo.

Utajuaje kama makaa yamefanya kazi? Hapa ndipo utumie fedha yako ya vipimo kwa akili. Maabara nyingi zikiletewa mboji zitayeyusha kila kitu kwa asidi kali na kukupa jumla. Jumla haikuelezi lolote kuhusu kushikwa. Omba pia kipimo cha metali inayopatikana kwa mmea, kinachotumia kimiminika kiitwacho DTPA. Kimetumika kwa udongo tangu miaka ya 1970 na maabara za kilimo wanakijua. Kisha gawanya: kinachopatikana kwa jumla. Tuseme mwanzoni zinki inayopatikana ni sehemu 40 kwa 100 ya zinki yote, na mwishoni ni 22 kwa 100. Hapo kuna kazi iliyofanyika, hata kama jumla imepanda. Uwiano huu hauwezi kudanganywa na kujazia mchanga.

Lakini mboji bila makaa nayo ingepunguza uwiano huo. Kwa hiyo jenga malundo mawili siku moja, samadi ileile, maranda yaleyale, moja lina makaa na jingine halina. Chukua sampuli ya kila lundo kutoka sehemu 12 tofauti, juu, katikati na chini, changanya kwenye turubai, gawa kwa robo, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya tena, mpaka ubaki na nusu kilo. Sampuli ya konzi moja iliyochukuliwa pembeni ya lundo ni kupoteza ada ya maabara. Ukimaliza, mwagia mbegu za figili maji yaliyochujwa kutoka kwenye mboji, nyingine maji safi, na uhesabu zilizoota na urefu wa mizizi yake siku chache baadaye. Mizizi inasema mapema kama kuna kinachoiunguza.

Sasa mboga. Zinki na shaba zina tabia moja inayotukinga: zikizidi, mmea unaumia kabla ya mlaji. Majani yanapauka, mizizi inadumaa, mavuno yanaanguka, na huna cha kupeleka mezani. Kadimi haina huruma hiyo. Inaingia kwenye majani ya mboga huku mmea umestawi vizuri machoni, na mlaji ndiye anayeipokea. Huja na fosfeti ya madini inayotiwa kwenye chakula cha mifugo, na wakati mwingine huandamana na chumvi za zinki zisizosafishwa vizuri. Kwa hiyo kabla hujaniuliza tena kuhusu mboga, pima kadimi. Kiwango cha Ulaya nilichokitaja kinaishia miligramu 1.5 kwa kilo kavu ya mbolea ya asili. Ikiwa chini ya hapo kwa mbali, mboga hazina tatizo kwa upande huo. Na kama mnunuzi wako ana kondoo, mwambie wasilishwe mahali palipomwagwa mboji hii karibuni: kondoo huhifadhi shaba kwenye ini mpaka siku inayowaua ghafla.

Kwa udongo wenyewe, hesabu kilo kwa hekta. Tani 5 kavu za mboji yako kwa hekta kwa mwaka zinaweka kilo 5.6 za zinki na kilo 2.1 za shaba. Mahindi yakitoa tani 5 za nafaka yanaondoka na zinki kama gramu 100 tu. Iliyobaki inakaa. Tabaka la juu la sentimita 20 lina kama tani 2,600 za udongo kwa hekta, kwa hiyo kila mwaka unaongeza miligramu 2 na kidogo za zinki kwa kilo ya udongo, na baada ya miaka 20 umeongeza zaidi ya 40. Hiyo haitishi kwa msimu mmoja, lakini njia yake ni ya kwenda tu. Na ule utoro wa zinki niliousema unakuja hapa: mbolea za amonia zinachachusha udongo polepole, pH ikishuka chini ya 6 kaboneti zilizoishika zinki zinayeyuka, na ulichokifunga kwenye lundo kinafunguka shambani. Mnunuzi apime pH ya shamba lake kila baada ya miaka michache na aweke chokaa ibaki karibu 6.5.

Kwa hiyo naja kwenye hori. Namba zako hazikutokea kwenye udongo; zimepita kwenye chakula. Nguruwe aliyeachishwa kunyonya karibuni anahitaji zinki kama miligramu 80 hadi 100 kwa kilo ya chakula, na shaba kama miligramu 6. Wafugaji huwalisha nguruwe hao chakula chenye zinki miligramu 2,000 au 3,000 kwa kilo ili kuzuia kuhara, na shaba 125 hadi 250 ili wakue haraka. Mnyama hawezi kuitumia yote, karibu yote inatoka kwenye kinyesi. Ulaya ilifunga matumizi ya oksidi ya zinki kama dawa ya nguruwe Juni 2022. Kuna sababu nyingine ya kupunguza inayonigusa zaidi: bakteria wanaozoea shaba na zinki nyingi hubeba usugu wa antibiotiki kwenye vinasaba hivyohivyo, na usugu huo haubaki bandani.

Chukua mfuko wa premiksi, yaani mchanganyiko wa madini na vitamini unaotiwa kwenye chakula, usome nyuma. Ukikuta oksidi ya zinki kilo 3 kwa tani ya chakula, asilimia 80 yake ni zinki, kwa hiyo umeweka miligramu 2,400 kwa kilo. Ongea na anayekuchanganyia chakula kuhusu kushuka hatua kwa hatua, kwanza kwa nguruwe wakubwa, ambao kuhara kwa kuachishwa hakuwahusu na ambao ndio wanaotoa samadi nyingi. Kimeng'enya cha faitesi kinasaidia, maana nafaka ina faiteti inayoishika zinki tumboni; ikivunjwa, zinki kidogo inatosha. Kwa vitoto usikate ghafla bila daktari wa mifugo. Usafi wa banda, joto la kutosha na kuchelewesha kuachisha kwa siku kadhaa huchukua sehemu kubwa ya kazi ambayo zinki ilikuwa ikifanya. Na kama una ng'ombe ambao hukuwataja, angalia josho la kwato: lita 200 za mrututu wa asilimia 5 zina kilo 2.5 za shaba, na ukizimwaga kwenye shimo la samadi umeshaiharibu.

Jenga malundo hayo mawili sasa, yakiwa na chakula unachotumia leo. Ukibadilisha premiksi, subiri mwezi mmoja, kisha pima samadi mbichi upya. Niletee namba nne, jumla na inayopatikana, zinki na shaba, kwa kila lundo, pamoja na kadimi na picha ya lebo ya mfuko. Kwa hizo nitaweza kukwambia kama kuendelea kununua makaa kuna faida kwako, au fedha hiyo iende yote kwenye chakula.